Udongo wa Siegerland

Kwetu pwani ya Tanga, ukitaja nyumba ya Mjerumani watu huelewa boma: kuta nene za mawe na chokaa, matao barazani, vyumba vilivyojengwa ili mwenye shida aingie akiwa amekwisha kunywea. Nilikuwa nayo picha hiyo kichwani nilipofika Siegerland, nchi ya vilima na mvua iliyo kusini mwa jimbo la Nordrhein-Westfalen, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa mwanafunzi anayedaiwa kodi ya chumba, nikapata kibarua cha kumsaidia mpigapicha mmoja aliyepewa kazi ya kuziweka kwenye kumbukumbu nyumba za kale za vijiji vya huko. Kwamba nitabeba mizigo nilijua. Kwamba nitaibeba kutoka nyumba moja ya miti na udongo hadi nyingine, hilo hakuna aliyeniambia.

Nasema miti na udongo kwa maana ileile anayoijua fundi wa Pangani. Chini hujengwa msingi mfupi wa mawe. Juu yake hulazwa boriti ya mwaloni, na juu ya boriti husimamishwa nguzo, zikafungwa kwa boriti nyingine za kulala na mihimili ya mshazari ili upepo usiilaze nyumba. Katikati ya nguzo husimikwa vijiti, vijiti husukwa kwa fito za mti laini, kisha hukandikwa udongo uliokanyagwa pamoja na mabua yaliyokatwakatwa. Ukikauka, hupakwa chokaa. Nyumba ya bibi yangu ilijengwa hivyo hivyo, ila nguzo zake zilikuwa za mkoko na paa lake la makuti, na kila baada ya masika ilikandikwa upya mahali mvua ilipouma. Mwaloni uliochongwa mraba ni mti wa namna nyingine kabisa, na adui wa nyumba kule ni maji, siyo mchwa. Ndiyo sababu mjini Quedlinburg, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, imesimama nyumba ya miti ya karne ya 14. Siku niliyoingia ndani yake niliweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mgonjwa homa, mpaka mlinzi akakohoa.

Lakini Quedlinburg ni mji wa watalii, nasi kazi yetu haikuwa huko. Siegerland yenyewe inao mji wake wa kalenda, Freudenberg, ulioungua mwaka 1666 ukajengwa upya kwa safu za nyumba nyeupe zenye miti myeusi, zote zikitazama upande mmoja. Kila mgeni hupanda kwenye bustani ya juu, hupiga picha ileile, hushuka kunywa kahawa. Mpigapicha wangu alipita pale bila kusimamisha gari. Alisema nyumba zile zina walinzi wa kutosha. Za kwetu zilikuwa nyumba za wachimba madini na wafanyakazi wa viwanda vya chuma, zilizojengwa kando ya barabara za malori, nyingi kati ya 1870 na 1914, ambazo hakuna aliyewahi kuziwekea bango.

Siku za jua tulilala. Mwanzoni niliona ni uvivu. Nilikotoka mimi mpigapicha huomba jua. Lakini boriti za nyumba hizi zimejitokeza kidogo tu mbele ya udongo, na jua likipiga, kivuli cha ukingo wa paa hushuka ukutani kikaikata nyumba vipande viwili, na kila boriti huzaa boriti ya pili ya uongo kando yake. Wingu hutandaza mwanga sawasawa, kila mti ukaonekana mahali pake. Tulifanya kazi zaidi mwisho wa vuli na mwanzo wa machipuo, miti ya bustanini ikiwa haina majani ya kuficha kuta, asubuhi, kabla magari hayajaanza kuegeshwa mbele ya milango. Yaani tuliitafuta kwa makusudi hali ya hewa ambayo mwenyeji yeyote wa Siegerland huilalamikia.

Kamera ilikuwa ile kubwa ya kukunjika, inayotumia filamu ya kipande kimoja kimoja, na ili uone unachopiga hujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi. Mle ndani nyumba inakaa kichwa chini, paa likiwa miguuni. Mwanzo kichwa hukuuma. Baadaye unagundua faida: nyumba iliyopinduliwa huioni tena kama nyumba ya mtu, unaona mistari, na mistari haikudanganyi ikiwa imepinda. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika pima maji na kuhakikisha kamera imekaa sawa pande zote. Mtu akipiga nyumba kwa simu huinua simu juu ili paa liingie, na nyumba ikaanguka chali. Kwa kamera ile huinui kitu. Kamera inabaki wima, unapandisha lenzi peke yake, nguzo zote zikabaki zimesimama kama fundi alivyozisimamisha kwa timazi. Kama nyumba yenyewe imeinama, na nyingi zimeinama, basi uinamaji unaouona kwenye picha ni wake, haukutoka kwako.

Mtindo huo tuliurithi. Walioanzisha kazi hiyo ni mume na mke, Bernd na Hilla Becher. Bernd alizaliwa Siegen mwaka 1931, akakua akiziona nyumba hizo na mitambo ya migodi. Alisomea uchoraji, na alipotaka kuchora migodi ya kwao akakuta inabomolewa haraka kuliko penseli yake. Akachukua kamera ili angalau abaki na kumbukumbu ya kuchorea. Hilla, mzaliwa wa Potsdam, ndiye aliyekuwa na ufundi wa picha mikononi, kwa kuwa aliusomea tangu ujana. Tangu mwaka 1959 walizunguka Siegerland wakipiga nyumba moja baada ya nyingine, kutoka mbele, kutoka pembeni, chini ya mawingu, bila mtu hata mmoja ndani ya picha. Kitabu chao cha nyumba hizo kilitoka mwaka 1977. Mwaka 1990, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, walitunukiwa Simba wa Dhahabu, na tuzo yenyewe ilikuwa ya uchongaji sanamu. Watu wawili wasiowahi kuchonga chochote! Mpigapicha wangu kila akilisimulia jambo hilo alicheka mpaka anatoa miwani.

Nilipokifunua kitabu hicho kwa mara ya kwanza sikukipenda. Kurasa na kurasa za mapembe ya nyumba, nyeusi na nyeupe, kila moja ndugu ya mwenzake. Nilikuwa nimekwisha kuziona nyumba za Hessen na za Niedersachsen, ambako mafundi seremala walichonga maua na nyuso kwenye boriti, na juu ya mlango mkubwa wakaandika jina la mume, jina la mke, mwaka wa ujenzi na dua. Hapa hakuna. Miti imenyooka, michache, myembamba, kama iliyonunuliwa na mtu anayehesabu senti. Nikauliza: kwa nini kupoteza filamu ya bei mbaya kwa nyumba zisizo na urembo?

Jibu lilikuwa porini. Siegerland ilikuwa nchi ya chuma kwa karne nyingi, na tanuri za chuma zilikula mkaa. Milima yote ililimwa kama shamba la miti: mialoni michanga ilikatwa kila baada ya miaka kumi na sita hadi ishirini, maganda yakabanduliwa kwa watengeneza ngozi, magogo yakachomwa mkaa, kisha pale palipokatwa pakapandwa nafaka ya mkate kwa msimu mmoja, na visiki vikaachwa vichipue tena. Mali hiyo ilikuwa ya kijiji kwa pamoja. Katika uchumi kama huo kila boriti inayoingia kwenye nyumba ni mkaa ulioibwa tanurini, na mwaka 1790 ilitoka sheria ya kubana matumizi ya miti katika ujenzi: unene wa boriti ukawekewa kipimo, na mti usiobeba uzito, uliowekwa kwa ajili ya pambo tu, ukakatazwa. Fundi alibakiwa na kile ambacho nyumba haiwezi kusimama bila yake. Ule unyoofu uliomfanya Bernd Becher asimame barabarani na kamera ulikuwa, karne moja na nusu kabla yake, amri ya serikali na njaa ya tanuri.

Tangu nielewe hivyo, mbele ya nyumba yoyote ile nilianza kutafuta kwanza kile kilichowabana waliojenga. Picha zikawa zinanisaidia. Jioni tulizitandaza sakafuni kwa safu, nyumba za kijiji kimoja pamoja, na hapo ndipo mambo yalipojitokeza ambayo mbele ya nyumba moja moja sikuyaona. Kwa mfano, nyumba nyingi zilikuwa zimevishwa vibao vyembamba vya mawe meusi upande mmoja tu. Nikiwa barabarani nilidhani ni ladha ya mwenye nyumba. Pale sakafuni, pamoja na maandishi ya dira nyuma ya kila picha, ikaonekana kwamba upande huo karibu daima ni magharibi, mvua inakotokea. Familia isiyoweza kuvisha nyumba nzima ilivisha ule ukuta unaopigwa. Mahali pengine vibao vilianza kwenye kilele cha paa na kuishia katikati, na mtu angeweza kuona kabisa fedha zilikomea wapi.

Ugomvi wetu mkubwa na mpigapicha wangu ulihusu mapipa ya taka. Mapipa ya Wajerumani ni ya plastiki, yana rangi kwa kila aina ya taka, na hukaa mbele ya nyumba siku ya kuzolewa. Mimi nilitaka kuyasogeza. Yeye alikataa: gari linaondoka lenyewe, basi tulisubiri, lakini kitu cha mwenye nyumba hakiguswi, liwe pipa, dishi la satelaiti au kibwengo cha udongo bustanini. Akishaanza kusafisha mbele ya nyumba, alisema, kesho atatamani kung'oa dirisha la plastiki, na keshokutwa atakuwa amerudi Freudenberg. Nilimwona mkaidi, ingawa hoja yake sikuweza kuiangusha.

Kuhusu wenye nyumba wenyewe, sheria ya Ujerumani inakuruhusu kupiga picha ya nje ya nyumba ukiwa umesimama kwenye njia ya umma. Hata hivyo hatukuwahi kufungua kamera kabla ya kubisha hodi. Nchi ile ina kumbukumbu ndefu ya kuchunguzwa, na mtu anayeikazia macho nyumba yako nusu saa huku amejifunika kitambaa cheusi hawezi kuchukuliwa kirahisi. Mwaka 2010, Google ilipotaka kuweka picha za mitaa ya miji 20 mikubwa ya Ujerumani kwenye ramani zake, kaya zaidi ya 244,000 ziliomba nyumba zao zifichwe kwa ukungu. Jambo hilo halikunishangaza. Na mimi, Mwafrika katika kijiji ambako kila mtu anamjua mbwa wa kila mtu, nilikuwa na sababu ya ziada ya kutanguliza salamu. Mara nyingi mpigapicha alinisukuma mimi mlangoni. Alisema watu hufungua kwa udadisi. Sikuipenda sana hila hiyo, lakini ilifanya kazi, na mazungumzo yaliyofuata yalinifundisha zaidi ya kitabu.

Mama mmoja mjane alitukaribisha mpaka jikoni. Nyumba yake kwa nje ilikuwa imefunikwa yote kwa vibao vya kijivu vya asbesto na saruji, vile vilivyobandikwa kwenye maelfu ya nyumba za Ujerumani baada ya vita. Kwa macho yangu haikuwa na cha kupigwa picha. Alitoa bahasha, akanionyesha picha ya harusi yake iliyopigwa mbele ya ukuta huo huo: miti myeusi, udongo mweupe, bwana harusi akiwa ameegemea nguzo ya kona. Nikamuuliza kwa nini waliifunika.

“Tuliona haya, kijana,” alisema. “Siegen ilikuwa imepigwa mabomu, ikajengwa upya kwa matofali na saruji. Sisi huku bado tulikuwa tunakaa kwenye miti na udongo. Mume wangu aliweka akiba miaka mingi ili tufanane na wengine.”

Mji wa Siegen ulishambuliwa kwa mabomu Desemba 1944, sehemu kubwa ikabaki vifusi, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na mantiki. Lakini mimi nilishindwa kumeza kahawa. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wawili ili aipige lipu ya saruji nyumba yake ya udongo, na sababu aliyoitoa ilikuwa hiyohiyo, karibu kwa maneno hayohayo. Tena mwisho wake unafanana. Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo unavimba na kusinyaa na majira. Lipu hupasuka, maji huingia kwenye ufa yasipate pa kutokea, na fito huoza nyuma ya ukuta unaong'aa. Kule Siegerland mafundi walituonyesha boriti za mwaloni zilizovumilia miaka mia moja ya mvua, kisha zikageuka unga ndani ya miaka thelathini ya kufungiwa nyuma ya lipu ya saruji. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayo malalamiko yayo hayo juu ya saruji na kuta za mawe na chokaa. Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba aibu ya ukuta wa udongo ni yetu, tuliyoachiwa na watu waliojenga maboma. Mama yule, raia wa nchi ya maboma, aliibeba sawasawa na baba mdogo.

Tuliipiga nyumba yake kama ilivyo, vibao vya kijivu na pipa la njano mbele. Mpigapicha akaomba pia kuinakili ile picha ya harusi, na mama akakubali kwa sharti kwamba tusikate sura ya mumewe ili kuonyesha ukuta tu. Hapo nililipata lile ambalo lilikuwa likinisumbua kwenye kazi ya akina Becher. August Sander, mpigapicha mkuu wa nyuso za Wajerumani, alizaliwa Herdorf mwaka 1876, jirani kabisa na vijiji vyetu, akafanya kazi mgodini akiwa kijana. Amejulikana duniani kwa picha za watu. Akina Becher, kwa mitambo na nyumba zisizo na watu. Nchi moja ndogo ya chuma imetoa nusu mbili za albamu, na nijuavyo mimi, waliowahi kuziunganisha ni wapigapicha wa harusi, ambao majina yao hayamo kwenye kitabu chochote cha sanaa.

Usiku kazi yangu ilikuwa maandishi. Kijiji, mtaa, namba ya nyumba, upande wa dira, tarehe, saa, umbali wa kamera kutoka ukutani. Mpigapicha alikuwa mkali zaidi kwenye hayo kuliko kwenye mwanga. Picha isiyo na maandishi, alisema, ni ya kuuzia kadi za sikukuu. Wajerumani wana historia ndefu ya ukali huo. Mwaka 1858 kijana mmoja msanifu majengo, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono, akanusurika kidogo tu kuanguka kutoka juu. Akajiuliza kama vipimo visingeweza kuchukuliwa kutoka kwenye picha badala ya kuhatarisha shingo ya mtu. Kutokana na wazo hilo ikaanzishwa Berlin, mwaka 1885, taasisi ya serikali ya Prussia ya kupiga picha za majengo ambazo mhandisi anaweza kuzisoma kama ramani. Huko Marburg nako, tangu 1913, chuo kikuu kina hifadhi ya picha za majengo na sanaa. Baada ya vita viwili vya dunia, kulikuwa na majengo ambayo yalibaki kwenye picha hizo peke yake.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kuhamia mji mwingine, mpigapicha alinipigia simu. Mama yule alikuwa amefariki na mwanawe ameamua kuvibandua vibao vya kijivu na kuirudisha nyumba kwenye miti yake. Alikuwa akitafuta kila picha ya ukuta ule. Nilikwenda Jumamosi moja kuangalia. Watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga walikuwa wamekwisha kuondoa asbesto, na fundi seremala alikuwa amebandika kwenye ubao nakala iliyokuzwa ya picha ya harusi, akihesabu mihimili ya mshazari iliyokatwa ili kupisha madirisha mapana. Kwenye nguzo alizozifunua zilionekana alama za chonga, namba za Kirumi ambazo seremala wa kwanza alizitia chini karakanani ili kila mti ujue mwenzake siku ya kusimamisha nyumba. Alilinganisha namba na picha, picha na namba. Bwana harusi alikuwa ameziba alama ya nguzo ya kona kwa bega lake, lakini hilo fundi alilisamehe.

Kisha akachukua picha yetu, ile ya kamera kubwa, yenye vipimo vyote nyuma. Aliisifu. Alisema angeweza kupima kwa rula mpaka unene wa vibao. Akaniita nisogee, akaweka kidole kwenye kona ya chini upande wa magharibi, mahali boriti ya msingi ilipokuwa ikichungulia chini ya vibao na ambako kwa kawaida ndiko uozo huanzia. Alitaka kujua mwaka ule ilikuwa imekwisha kuoza kiasi gani.

“Na hili pipa la njano,” aliuliza, “hamkuweza kulisogeza?”